Mwalimu Aliyekosolewa Mbele ya Mkaguzi

Msomee hii mtu yeyote anayefundisha, hata kama anafundisha kukaanga maandazi.

Mwalimu Nyamizi alifundisha Kiingereza darasa la sita. Wanafunzi wake walicheka na kubishana kutwa. Mwalimu Mkuu Kafuku, ambaye darasani kwake hata kikohozi kiliombewa ruhusa, alichoshwa na kelele hizo. Akaita mkaguzi. Nyamizi akikutwa na kosa, kazi hana.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi na Kafuku walisimama kando ya ubao, Nyamizi akaanza kufundisha kwa wasiwasi. Akataka kumwomba mkaguzi kalamu kwa Kiingereza, ulimi ukateleza: badala ya "borrow" akasema "lend".

Mbuke, binti wa dawati la mbele, akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, hapo umekosea."

"Kaa chini!" Kafuku akafoka. "Unamkosoa mwalimu mbele ya mgeni? Huna adabu!"

Lakini darasa lile lilikuwa na desturi yake. Mwanafunzi anayemkamata mwalimu amekosea anashika chaki, na mwalimu anakwenda kukaa kwenye dawati la mwanafunzi huyo. Nyamizi alijua kwamba leo desturi hiyo itamponza. Hata hivyo akampa Mbuke chaki, akaenda kukaa.

"Jirani yetu Mama Koku akija kwetu kuchukua ungo, hiyo ni 'borrow'," Mbuke akaeleza. "Mama yangu akimpa huo ungo, hiyo ni 'lend'. Kwa Kiswahili wote wawili tunasema wameazima, ndiyo maana tunachanganya. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu," Nyamizi akajibu. Darasa zima likapiga makofi.

Kafuku akatabasamu. "Umejionea mwenyewe, mheshimiwa. Huyu hajui!"

Mkaguzi akamgeukia. "Asubuhi nilipoingia darasani kwako kwenye kipindi cha Kiingereza niliandika ubaoni kosa hilihili, kwa makusudi. Wanafunzi wako wote walilinakili kwa mwandiko mzuri sana. Nawe ulikuwa umesimama pale pale."

"Nilikuheshimu, mheshimiwa."

"Ndiyo. Na watoto watakwenda na kosa hilo nyumbani. Kuanzia Jumatatu, Kiingereza cha shule nzima kitafundishwa na Mwalimu Nyamizi. Nawe utakuja kukaa humu ujifunze. Dawati la nyuma lina nafasi."

Weee! Madawati yaligongwa, vigelegele vikasikika mpaka barabarani. Nyamizi alilia kwa furaha mbele ya watu wote, wala hakuficha uso.

Funzo: Ukitaka kujua kama umefundisha, mtazame mwanafunzi wako siku utakayokosea wewe.