Jina Moja la Kufungiwa Maji

Hapo zamani, si zamani sana, maana pampu za petroli zilikuwa zimeshafika bondeni, palikuwa na mama mmoja akiitwa Heriya. Huyu mama alikuwa amechoka. Msiniulize kwa nini. Tangu afiwe na mumewe alimwagilia nyanya kwa ndoo, na anayeijua ndoo anajua.

Alikuwa na watoto wawili wakubwa, Sikudhani na kaka yake Singano. Msimu ule akawaambia, "Wanangu, mgongo umegoma. Chagueni wenyewe."

Basi wakachagua. Sikudhani akaenda duka la pembejeo kuchagua mbegu, akarudi na nyanya ndefu, ile ya kufungwa kwenye vijiti isimame, tunda gumu lisilopondeka kwenye tenga hata lori lirukeruke vipi. Nyanya nzuri, sikatai. Ila inakunywa jamani! Inakunywa asubuhi, inakunywa jioni, na inazaa miezi mingi mpaka kiangazi kinaikuta shambani.

Siku hiyohiyo Singano akaenda mjini kuchagua pampu, akarudi na dude kubwa. Pampu nzuri nayo, sikatai. Ila haijui kuvuta maji kidogo. Ukivuta kamba kuiwasha, inafyonza mfereji mpaka matope.

Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Ndivyo walivyo watu wa nyumba moja, kila mtu anadhani wameshaambiana.

Sasa, mfereji wa bonde lile ulikuwa wa zamu, na ulikuwa na sharti. Anayekausha maji siku ya mwenzake hufungiwa, asimwagilie chochote msimu mzima. Watu wa nyumba yake ndio humtaja, jina moja tu. Wakikaa kimya, nyumba nzima inafungiwa.

Kiangazi kikaingia. Siku ya zamu ya jirani yao wa chini, mzee Kaniki, Sikudhani akaja mbio. "Mama, maua yanadondoka! Nyanya hazifiki kesho!"

Singano akasema, "Lakini nikiwasha, mzee Kaniki hapati hata tone."

Wakamtazama mama yao. Alikuwa amekaa chini, miguu imevimba. Akasema, "Washeni. Nimechoka."

Singano akawasha. Mfereji ulichukua siku mbili kujaa tena, na kitalu cha kabichi cha mzee Kaniki, miche iliyokuwa tayari kuhamishwa, kikanyauka chote.

Wasimamizi wa mfereji wakaja pamoja na mzee Kaniki. Mzee Kaniki hakupiga kelele. "Heriya, sina ugomvi na wewe," akasema. "Lakini ile kabichi ndiyo ilikuwa chakula chetu. Nitajie jina."

Singano akaruka. "Mimi nilinunua pampu nikijua tunapanda nyanya fupi kama kila mwaka! Ile hainywi hata nusu ya hii. Na kabla ya kuwasha nilisema!"

"Ulisema, halafu kamba akavuta nani?" Sikudhani akamjibu. "Mimi nilichagua mbegu, na mbegu imezaa. Ungeleta pampu ndogo, mzee wa watu angekuwa na miche yake."

Heriya akawasikiliza. Alijua atakayetajwa hana shamba msimu ule, atafunga nguo zake akatafute vibarua mbali. Akataka kujitaja mwenyewe, kwani si yeye aliyesema washeni? Lakini alipowaza msimu mzima bila maji, bila palizi, amejilaza zake mkekani, moyo wake ukafurahi, naye akaona aibu. Hii ni haki, akajiuliza, au ni uchovu tu unanisemesha? Na wale wawili wangebaki na mbegu ileile na pampu ileile.

"Heriya," mzee Kaniki akasema, "tunakusubiri."

Akafungua mdomo.

Haya, mimi nimeishia hapo, na msinikodolee macho, nimechoka kama yeye. Yuko aliyechagua mbegu bila kuuliza maji. Yuko aliyechagua pampu bila kuuliza mbegu, akaiwasha huku anajua. Na yuko mama aliyesema washeni. Je, nani alistahili kufungiwa maji?