Kitu Ndani ya Boriti

Usiku wa manane nilisikia kwaru, kwaru, kwaru! juu ya kichwa cha mwanangu, nikamkumbatia mpaka kulipokucha, nikakimbilia kwa mwenye nyumba, Bwana Ngwali.

"Boriti imeoza, itatuua!"

"Boriti ile ni chuma! Kama huitaki, hama."

Nikamvuta hadi chumbani, nikaigonga boriti kwa mchi. Bu!

"Nzima ingelia ko," nikamnong'oneza. "Hii ina kitu ndani. Marehemu baba yako hakuwa na dhahabu?"

Akatutoa nje mimi na mtoto, akajifungia. Jioni tulimkuta kakaa chumbani chini ya anga tupu, paa kalibomoa, boriti zote kazipasua, ndevu zimejaa mchwa.

"Usimwambie mtu, mwanangu!" akanisihi.

"Weka mpya za mninga, Bwana Ngwali, nami simwambii mtu mwingine."