Jani Nusu la Bi Nyamvula

Paukwa!
— Pakawa!
Aliyelala aamshwe, hii inamhusu. Paukwa!
— Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha wasuka mikeka, aliishi bibi mmoja, Bi Nyamvula. Kiangazi, masika, kipupwe, vuli, alikaa bustanini kwake akitazama. Hapalilii, hachumi. Anatazama tu.

"Bi Nyamvula, unalinda kunguru?" wapita njia walimtania.

"Nachuma mkeka."

Wakacheka, kwa! kwa! kwa! Lakini kila msimu ulipokwisha, alitoa mkeka wenye nakshi ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona.

Kijijini humo alikuwapo msichana, Kibibi. Vidole vyake mbio: chwi, chwi, chwi, pima mbili za ukili, ule mkanda wa kushonea mkeka, kabla jua halijapanda. Akapewa kazi ya kusuka mkeka wa harusi ya binamu yake. Ukikubalika, ataitwa fundi. Ukikataliwa, basi tena. Vidole alikuwa navyo. Nakshi hakuwa nayo.

Akamwendea Bi Nyamvula. "Bibi, nipe nakshi."

"Kaa hapa mwaka mmoja."

"Mwaka! Harusi ni mwezi ujao!"

"Basi suka mkeka mweupe, usio na nakshi, mjukuu wangu. Haumdhuru mtu."

Mweupe! Kibibi akafyonya kimoyomoyo. Akaaga kwa heshima zote, akazunguka nyuma ya ua. Kulikuwa na mkeka umeanikwa: shina la boga likitambaa, majani ya kijani, na jani moja nusu. Akahesabu miyaa ya ukindu, mmoja mmoja. Akaenda akausuka wote, na lile jani nusu, vile vile.

Mnacheka? Ngojeni kwanza. Wapo humu humu wenye maneno ya watu midomoni, na shingo wamezinyoosha.

Siku ya harusi mkeka ukatandikwa. Kwa desturi yao, bibi harusi haketi mpaka somo wake, kungwi aliyemfunda, aulize.

"Msukaji, nakshi yako yaitwaje?"

"Boga la Masika," akajibu Kibibi.

"Uliiona wapi?"

"Bustanini kwangu."

"Na jani hili, mbona nusu?"

Kibibi akalikodolea macho lile jani.

"Ni... ni mwezi mwandamo."

"Heee! Mwezi umeota kwenye boga!" mwanamke mmoja akaangua kicheko.

Macho yote yakamgeukia Bi Nyamvula, mwenye nakshi za bustanini, aliyeketi kati ya wageni. Masikio ya Kibibi yakawaka moto. Neno moja tu la bibi, amekwisha.

"Mkeka ni wa kukalia," alisema Bi Nyamvula. "Mwacheni bibi harusi aketi, miguu inamuuma."

Vigelegele vikapigwa. Kila kigelegele kilimwasha Kibibi kama upupu.

Alfajiri alipiga magoti kwa Bi Nyamvula. "Niliiba."

"Najua."

"Lile jani, bibi..."

"Lililiwa na mbuzi siku niliyomzika mume wangu. Nilimwona akila. Sikuwa na nguvu za kumfukuza."

Kibibi akafunika uso. Msiba wa mtu, yeye ameutandika harusini!

"Nifanye nini?"

"Uongo uliusemea wapi?"

"Mbele ya wanawake wote."

"Basi unapajua."

Fungate ilipokwisha wanawake walikusanyika. Kibibi akasimama, akasema yote. Hakuna aliyemzomea, afadhali wangemzomea. Bibi harusi alinyanyuka, akaukunja mkeka taratibu, akamkabidhi Bi Nyamvula kwa mikono miwili.

Tangu hapo Kibibi akawa mtu wa bustanini. Kiangazi kikapita, masika yakapita, hakuthubutu kuinua uso. Akatazama chini, chini, chini. Kipupwe akawaona sisimizi kati ya mashina ya mchicha, kila mmoja na mzigo wake, wakikutana, wakipishana. Vuli ilipofika akasuka mkeka mdogo, wa kukalia mtu mmoja.

Bi Nyamvula aliugusa kwa kidole, akaufuata mstari wa sisimizi mpaka mwisho.

"Miaka arobaini nakaa hapa," alisema, "na hawa sikuwaona."

Haya, nyie wenye haraka. Nakshi ya mtu ina siku zake ndani, na nyingine ni za mazishi. Msiibe. Kaeni mtazame za kwenu, hata kama ni aibu iliyowainamisha.

Hadithi yangu naitua hapo. Mwenye nguvu aibebe.