Kibao cha Bi Rukia

"Cha wengi ukikitia chapa, utakila peke yako." Mlimsikia jana Mama Hidaya akimwambia mwanawe maneno haya, mkaja kuniuliza yametoka wapi. Mlidhani ni methali ya kale. Si ya kale hata kidogo. Aliyeisababisha bado yu hai, na akipita hapa msalimieni kwa adabu, maana makosa yake yanaweza kuwa yenu kesho. Chanzo chake ni hiki.

Katika mtaa wa Mkunguni, vileja vya Idi vilikuwa na ua. Bi Rukia alikuwa na kibao cha mti, kimechongwa ua la asumini katikati, kazi ya marehemu mumewe. Donge la unga wa mchele na samli hugandamizwa pale, likibanduliwa limetoka na ua lake. Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, kibao kilianza safari: leo nyumba hii, kesho ile, mpaka mtaa mzima umemaliza. Asubuhi ya Idi kila nyumba ilipeleka sahani kwa jirani, imefunikwa kawa, na jirani naye alileta yake. Mtu angeweza kuuliza kuna maana gani kubadilishana vileja vilivyo sawasawa. Hakuna aliyeuliza.

Mwanakombo alizaliwa katika mtaa huo na alikuwa na mikono myepesi ya mapishi. Alichongesha kibao chake mfano wa kile, akaanza kupeleka vileja kwenye maduka ya mjini. Vikapendwa. Watu wa mjini wakamsifu, wakamwita msanii, naye sifa zikamkolea. Mwenye duka mmoja akamwambia, "Sajili hilo ua, dada, kabla hujaibiwa." Mwanakombo akaenda ofisi ya alama za biashara. Kwenye fomu kulikuwa na swali: nani amebuni alama hii? Kalamu ilisita kidogo. Kisha akaandika jina lake.

Wakili aliyemsimamia alimuuliza ni nani wengine wanaotumia ua lile. Mwanakombo akawataja jirani zake wote mmoja mmoja, mlango kwa mlango, kama anayehesabu waalikwa wa harusi. Alidhani wakili anataka mashahidi wa kusema kwamba vileja vyake ni vizuri. Sifa zinapomlevya mtu, hata akili yake huomba ruhusa ikalale.

Kumi la mwisho likaingia, na Bi Rukia akabisha hodi kwa Mwanakombo akiwa na bahasha mkononi. Bi Rukia alisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi za kizungu hakuzijua, na barua zake zote alisomewa na Mwanakombo.

"Hii imekuja leo, mwanangu. Nitazamie wanasemaje."

Mwanakombo akaifungua, akaona jina lake katika mstari wa kwanza. Barua ya yule wakili ilimwamuru Bi Rukia aache mara moja kutumia ua la asumini, mali ya Mwanakombo, la sivyo atashitakiwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi haina desturi hiyo.

"Ni salamu za Idi, bibi," alisema. "Zimetoka ofisi za mjini."

"Ala. Wamenikumbuka," Bi Rukia akasema, akaikunja barua vizuri na kuifutika kwenye kanga.

Mwanakombo hakulala raha tangu siku ile. Kila siku alijiambia kesho nitakwenda kusema, na kila kesho ilipofika aliisogeza mbele. Hakujua kwamba nyumba nyingine nazo zimepata barua, na kwamba huko walikuwepo wasomaji wasioona haya.

Asubuhi ya Idi alipanga sahani zake, akamtuma binti yake Mwanajuma azigawe. Akakaa sebuleni kungoja za wenzake. Haikuja hata moja. Mwanajuma akarudi na sahani zote zimejaa kama zilivyotoka.

"Wanasema ahsante, mama. Lakini wanaogopa kula mali ya watu yenye hati."

Mtoto alisema hivyo bila ubaya, akaenda kucheza. Mwanakombo alibaki na vile vileja. Hakuna aliyemtukana wala kumnunia, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Baadaye kidogo Bi Rukia akaingia, amevaa kanga mpya.

"Shikamoo bibi. Idi mbaraka."

"Marahaba, mwanangu. Minal aidina." Alikaa, akatoa ile barua. "Nisomee tena. Mjukuu wangu amekuja kutoka Tanga, naye kanisomea vingine kabisa. Nimemwambia hajui kusoma. Mwanakombo ndiye anayejua."

Mwanakombo akaishika. Angeweza kulia, na kilio kingemwokoa. Lakini yule bibi alikuwa amekaa ametulia, anasubiri kusomewa. Basi akasoma, neno kwa neno, kuanzia jina lake mwenyewe mpaka sahihi ya wakili. Alipofika penye maneno "aliyebuni alama hii", ikabidi ayarudie.

"Nani alibuni?" Bi Rukia aliuliza.

"Imeandikwa mimi, bibi."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

Bi Rukia akafungua fundo la kanga aliyokuja nayo mkononi, akatoa kile kibao cha mumewe, akakiweka mezani katikati ya sahani zilizorudishwa.

"Basi chukua na hiki, kisije kikanitia kwenye kesi. Mimi sina kinyongo nawe, wewe ni mwanangu. Wala wenzio hawakukasirika. Wamefuata barua yako inavyosema. Ila ujue, cha wengi ukikitia chapa, utakila peke yako."

Akaaga, akaondoka. Mwanakombo hakuinua uso mpaka aliposikia mlango umefungwa.

Idi ilipokwisha alikwenda mjini akafuta ule usajili. Kisha akapita nyumba zote alizomtajia wakili, akasema kwa kinywa chake kile alichokiandika kwenye fomu, na nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Rukia, akamrudishia kibao. Wote walimwambia yamekwisha. Na kweli yalikwisha, maana mwaka uliofuata sahani zilikuja kama zamani. Lakini mtoto wa jirani akimfikishia sahani, Mwanakombo huipokea kwa mikono miwili akiangalia chini, na mtoto hushangaa mtu mzima huyu anamwonea haya ya nini.

Haya ya nini, sasa nyinyi mnajua. Cha wengi ukikitia chapa, utakila peke yako.