Kwa Nini Pole Hupewa Hata Asiye Ndugu

Sogeeni, na anayenyonyesha anyonyeshe hapa hapa, maana hadithi hii ni yake. Hapo kale, watu wakiwa wachache na njia zikiwa nyembamba, neno la kufariji halikuwa la kila mtu. Kila ukoo ulikuwa na lake na uliliweka kama mbegu. Ukijikwaa mbele ya ndugu wa damu, utaambiwa neno hilo. Ukijikwaa mbele ya mwingine, atageuza uso atazame miti mpaka uinuke mwenyewe, ujipanguse, uende zako. Hawakuwa watu wabaya. Waliamini kwamba anayemfariji mtu huondoka na kipande cha taabu yake, akaenda nacho nyumbani, na nani atake kuingiza taabu ya watu kwenye nyumba yenye watoto?

Zama hizo palikuwa na mto mdogo, na kivuko chake kilikuwa soko. Ng'ambo moja walikaa wafinyanzi wa bondeni. Ng'ambo ya pili waliteremka watu wa mlimani na ndizi zao. Lugha hazikuwa moja, kwa hiyo walibadilishana kimya kimya. Huyu aliweka ndizi juu ya jiwe la katikati ya mto, akarudi nyuma. Yule aliweka chungu, akarudi nyuma. Wakiridhika, kila mmoja alichukua na kuondoka.

Basi siku moja ya soko aliteremka Mkawasi, mwanamke kijana aliyeolewa mlimani, na mtoto wake wa kwanza mgongoni, wa siku ishirini tu. Alikuwa na hofu, kwa sababu mtoto hanyonyi. Anashika titi, analia, anaacha. Siku ya pili sasa. Na titi lenyewe limekuwa gumu kama jiwe, linawaka moto, na Mkawasi hajui kama hivyo ndivyo kuzaa au hivyo ndivyo kufa, na amuulize nani? Mama yake mzazi hayupo duniani. Mama mkwe kasema mtoto ni mkorofi kama babu yake, basi, yakaisha. Na neno la kufariji la mlimani halikumhusu, kwa kuwa damu yake ilikuwa ya kwingine. Mtoto alikuwa ndugu yao. Yeye alikuwa mgeni.

Njiani alimwambia wifi yake, Mkamburi, "Wifi, naona kilio cha mtoto kimepungua."

"Si afadhali? Masikio yapumzike."

"Kimepungua nguvu, wifi, si kwamba katulia, hebu msikilize, analia kama paka aliye mbali..."

"Ee! Wewe ndiye wa kwanza kuzaa? Tembea, ndizi zitakuivia kichwani."

Walipofika kivukoni mguu wa Mkawasi uliteleza. Mkungu ukaenda na maji. Yeye akapiga magoti mtoni, mtoto salama mgongoni, na hakuumia, lakini kuinuka akashindwa. Alikaa pale pale ndani ya maji akalia kwa sauti kama mtoto. Watu wa mlimani wakatazama miti. Wafinyanzi wakatazama miti. Mkamburi naye akatazama miti.

Nankondo peke yake hakugeuka. Huyu alikuwa bibi mfinyanzi, aliyekuwa akikanda udongo ukingoni, na alikuwa amezaa saba, kwa hiyo kile kilio cha paka aliye mbali alikisikia akakijua.

"Pole," akasema.

Wenzake wakaruka. "Nankondo! Una wazimu? Si damu yako huyo! Utakwenda na taabu yake nyumbani!"

"Basi nitakwenda nayo," akajibu, na maji yalikuwa yameshamfika magotini.

Alimtoa Mkawasi, akamketisha mchangani. Alichota maji ya moto kwenye chungu chake kilichokuwa mekoni, akalowesha kipande cha nguo ya magome, akakibandika kifuani pake. Kisha akaanza kukanda kwa ile mikono yake ya udongo, polepole, kutoka pembeni kuja katikati, kama anayelainisha bonge lililokauka ndani. Iliuma, jamani, iliuma mpaka Mkawasi akauma mbeleko. Na kila alipoguna, bibi alirudia, "Pole. Pole." Maana yake Mkawasi hakuijua, na hakuwapo wa kumfasiria, lakini tangu mama yake azikwe hakuwa amesikia mtu akiongea naye hivyo. Maziwa yakatoka. Mtoto akashika, akaacha, akashika tena, na safari hii Mkawasi alimsikia akimeza.

Alipanda mlima akilinong'ona lile neno njia nzima, lisije likamwagika.

Nankondo yeye alikaa akingoja taabu imfuate. Ikamfuata kweli. Siku ya kuchoma vyungu mvua ilishuka ghafla juu ya moto, vyungu vyote vya msimu vikapasuka. "Tulikwambia," wakasema wenzake, wakatazama miti. Soko lilipofika alikaa peke yake na lundo la vigae, bila chochote cha kuweka juu ya jiwe.

Mkawasi alipomwona hivyo hakuweka ndizi zake juu ya jiwe. Alilipita.

"Wifi, rudi!" Mkamburi akapiga kelele. "Taabu yake si yako!"

Hakurudi. Aliketi karibu na bibi, akachukua vigae viwili vitatu akavipakata, akasema neno pekee la bondeni alilolijua, tena kwa kulipinda, "Pole."

Nankondo alimtazama, akamtazama na mtoto aliyeanza kujaa mashavu. Mabega yake yakashuka. "Nimeshapoa," akasema, na machozi bado yako kidevuni.

Wafinyanzi waliona. Kumbe ni kweli, anayetoa pole huondoka na kipande, lakini ni kipande tu, kinabebeka, na mwenye mzigo hubaki na mdogo zaidi. Mmoja akaona haya, akaja na bonge la udongo. "Pole, Nankondo." Akaja mwingine. Na kutoka ng'ambo ikasikika sauti ya Mkamburi ikijaribu, "Po... pole! Ndivyo mnavyosema?" Kisha, kwa sauti ya chini, "Pole, wifi. Na lile titi."

Na tangu siku hiyo neno lile halikurudi tena ndani ya ukoo. Lilipanda mlimani pamoja na vyungu, likashukia upande wa pili, na hata wenye lugha nyingine walilichukua likawa lao. Ndiyo maana leo ukijikwaa njiani, mtu asiyejua hata jina lako hukupa pole, ingawa hakukusukuma. Hupewa mwenye mzigo, hupewa atokaye safari, hupewa aliyejifungua. Nawe hujibu, nimeshapoa, na kidole bado kinatoka damu. Hudanganyi. Unamwambia kwamba kwa kile kipande alichokichukua, umeuona mzigo umepungua.