Kindi Aliyemsalimia Chui

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, na nyumba zikawa na milango, na mtu hakuingia kwa mwenzake bila hodi (si kama ninyi mnaoingia kama upepo, sitaji jina), paliondokea nungunungu mmoja mjane, aliyeitwa Bi Siwatu. Aliishi peke yake katika pango lenye mlango mwembamba, chini ya kilima cha mawe.

Wanangu, nungunungu huheshimiwa sana, lakini hakuna anayetaka kukaa naye karibu. Ukimkumbatia utajuta. Majirani walimsalimia Bi Siwatu kutoka ng'ambo ya njia, na mumewe alipokufa wakampa pole kutoka ng'ambo ya njia, kisha wakaenda zao. Alipika, akala, akaosha chungu, akalala. Hakuwa hata na wa kumlalamikia kwamba chumvi imezidi.

Siku moja, baada ya upepo mkali, akakuta chini ya mkuyu ulioota nyuma ya pango kitoto cha kindi kimeanguka kutoka kiotani. Kindi mnamjua, yule mdogo mwenye mkia mkubwa kuliko shughuli zake. Macho yake yalikuwa hayajafunguka. Bi Siwatu akakaa pembeni kumsubiri mama mtu. Mama mtu hakuja, jua likaanza kushuka, naye akakibeba.

Kwa ajili ya miiba hakuweza kukipakata. Akakilaza ndani ya nusu ya kibuyu iliyotandikwa pamba, akawa anakilisha uji kwa upawa wenye mpini mrefu, yeye huku, mtoto kule. Akamwita Sudi, maana aliona amepata bahati.

Sudi akakua. Bi Siwatu hakujua kupanda mti, kwa hiyo hakumfundisha kupanda mti. Alimfundisha alichokijua, nacho ni adabu. Anawe kabla ya kula. Akisikia hodi, aitike karibu. Akimwona mkubwa, aweke mikono kifuani, aseme shikamoo, na asimame palepale mpaka mkubwa aitikie marahaba. Kuondoka kabla ya kuitikiwa, alimwambia, ni kumtukana mkubwa. Wapita njia wakamsifu mtoto yule, na Bi Siwatu akajifanya hasikii, huku miiba yake yote ikichezacheza kwa furaha.

Lakini damu ya mtu haikai mbali na wenzake. Sudi alipopevuka akawasikia kindi wengine wakichachawa juu ya mkuyu, akashindwa kulala. Akaaga kwa heshima zote, akapewa baraka, akaenda.

Bi Siwatu akaendelea kupika uji wa wawili kwa mazoea, na sehemu ya pili ikaganda chunguni. Upweke wake wa kwanza alikuwa ameuzoea. Huu wa pili ulikuwa na jina, na jina hilo lilimponyoka mdomoni kila alipotaka kuletewa kuni.

Alasiri moja, akimenya mihogo, akasikia sauti ndogo mlangoni ikisema hodi. Alikuwa Sudi, anajikokota. Mguu wa nyuma umevunjika, bega limechanika, na bado anasubiri kukaribishwa.

Akamweleza mkasa wake huku akilia. Kindi wenzake hawakumtaka. Walisema ananuka moshi, wakampa tawi la chini kabisa. Siku ile Chui akapita chini ya mti. Kindi wote, puru, wakapaa juu. Sudi peke yake akabaki kwenye tawi lake, akaweka mikono kifuani, akasema, "Shikamoo, babu."

Chui hakuwahi kuamkiwa tangu azaliwe. Akatazama kulia, akatazama kushoto, atafute huyo babu ni nani. Alipoona ni yeye, akacheka mpaka akayumba. Halafu akainua mkono, pa! Kilichomwokoa Sudi ni kile kicheko, maana pigo lilikwenda upande. Na muda wote ule, alimwambia mama yake, alikuwa amesimama palepale akingoja marahaba.

Bi Siwatu akaona kosa liko wapi. Chui ndiye aliyepiga, lakini aliyemshikilia mtoto kwenye tawi lile alikuwa yeye mwenyewe na mafunzo yake.

Akachemsha majani, akamwosha jeraha. Akaunyoosha mguu kati ya vijiti viwili, akaufunga kwa kamba za magome. Akauteremsha ule upawa ukutani, akamlisha kama zamani. Na hapa niwaambie ukweli, wanangu: pamoja na uchungu wote, Bi Siwatu alifurahi. Nyumba ilikuwa na mtu.

Furaha haikukaa. Chui alifuata matone ya damu mpaka mlangoni. Angeweza kuvamia, lakini hakuna aliyewahi kuingia kwa nungunungu kwa nguvu akatoka na pua nzima. Basi akalainisha sauti yake.

"Hodi hapa."

Bi Siwatu aliitambua ile sauti. Akamgeukia Sudi na kidole mdomoni, lakini alichelewa.

"Karibu!" Sudi alikwisha kuitika. Mdomo wake ulifundishwa hivyo.

Kichwa cha Chui kikatokeza mlangoni. Akasema kwa upole kwamba amekuja kumjulia hali mgonjwa, na kwamba ile salamu ya juzi hakuiitikia, jambo lililomnyima raha. Alipokuwa akisema hayo alijilamba midomo mara kwa mara.

Sudi akamtazama mama yake. Akaona miiba imesimama yote, ndipo akafahamu alichokifanya. Kindi ni mdogo wa mwili, lakini akili yake haijui kutambaa.

"Karibu sana, babu," akasema. "Ila kwetu sisi mgeni huacha silaha mlangoni."

"Silaha zangu nimezaliwa nazo," Chui akajibu, akayachomoza makucha yake ayaonyeshe.

"Basi hufungwa. Na mwenyeji naye hulaza miiba yake chini. Ndiyo desturi ya nyumba hii. Ukiona ni taabu, tutazungumza hapohapo mlangoni."

Chui akapima moyoni. Miiba ikilala, kuna nini tena cha kuogopa humu ndani? Makucha yakifungwa, meno si yapo? Akaona hawa adabu zimewatia ujinga, akainyoosha mikono yake miwili kama bwana harusi anayepakwa hina.

Bi Siwatu hakuwahi kuisikia desturi hiyo maishani mwake. Lakini uso wa Sudi aliujua tangu macho yake hayajafunguka, naye hakuuliza. Akailaza miiba. Akachukua kamba za magome zilizobaki, akamfunga Chui mikono, fundo juu ya fundo, huku akimwomba radhi kwa usumbufu.

Chui akaingia, akaketi mkekani. Kwenye mafiga uji ulikuwa ukitokota, bwata, bwata, bwata.

"Mama, uji umeiva?" Sudi akauliza.

"Unachemka, mwanangu."

"Babu amefungwa mikono. Chota umlishe."

Bi Siwatu akauchovya upawa mpaka ukajaa, akausimamisha hewani kwa ule mpini wake mrefu. Sudi akajiinua kwa kiwiko, akaweka mkono wa pili kifuani.

"Babu, shikamoo."

Chui akatabasamu. Alikuwa amefuata salamu na nyama, na sasa vyote viwili vilikuwa mbele ya pua yake. Akainama juu ya Sudi, akafunua kinywa kuliko inavyohitajika kuitikia salamu yoyote. "Mara—"

Bwa! Upawa mzima ukazama kooni.

Wahenga walisema uji wa moto haupozwi kwa ncha ya ulimi, lakini Chui hakulelewa na wahenga. Alipiga kelele isiyokuwa na maneno. Akainua mikono ajifute, mikono haikufunguka, akaanguka chali mkekani. Alipoinuka, desturi ya kulaza miiba ilikuwa imekwisha. Chwaa! Alitoka kinyumenyume, akakwama mlangoni, akajikwamua, akashuka kilima akirukaruka kwa mikono iliyofungwa na miiba imemjaa mgongoni. Majirani waliokuwa ng'ambo ya njia walicheka mpaka wakaketi chini.

Sudi alicheka mpaka mguu ukamuuma. "Umeona, mama? Adabu zako zimetuokoa!"

Bi Siwatu alicheka naye. Halafu akatazama mlango mwembamba, akatazama mafiga, akatazama miiba yake, na kicheko kikamwisha. Kule juu ya tawi hapakuwa na mlango wala moto wala yeye. Kule palikuwa na Sudi tu, amesimama mikono kifuani. Na Chui sasa alijua kubisha hodi, tena alijua kuitikia. Siku akirudi, atakuwa ameyajua vizuri zaidi.

Angeweza kumweka mtoto pangoni siku zote. Wazo hilo lilimjia, tena lilikuwa tamu, nanyi msimlaumu. Mguu ungeweza kuchelewa kupona, nani angemwuliza? Akalala nalo wazo hilo, akaamka nalo, kisha akaenda kumfungua Sudi zile kamba za mguuni kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu siku hiyo akaanza kumsahaulisha mtoto alichomfunza. Alikwenda mbali kidogo, akarudi akikanyaga kwa kishindo, na kila alipomkuta Sudi amesimama na mikono kifuani, alimmwagia kata ya maji baridi. Ukisikia hatua, alimwambia, paa kwanza. Sudi aliloa, akalia, akasema mama yake amebadilika.

"Na mkubwa nisipomwamkia?" akauliza siku moja, maji yakimchuruzika masharubuni.

"Atanuna. Mtu aliyenuna hajakula mtoto wa mtu."

"Na kama ni wewe, mama?"

Bi Siwatu akaweka kata chini. "Hata mimi. Chui amejifunza hodi, kesho atajifunza sauti yangu. Ukisikia hatua, paa. Ukisikia sauti inakuita ushuke, hata ikiwa yangu, zidi kupaa."

Jioni ile Sudi hakula, na mama yake hakumlazimisha, kwa sababu yeye pia chakula hakikumpita kooni.

Mguu ukapona, umepinda kidogo. Sudi akaanza kuparamia jiwe, kisha mwamba wa juu ya pango, kisha tawi la mkuyu lililoinamia pale, na kila mara alishuka kwa sababu alisikia harufu ya uji.

Basi siku moja Bi Siwatu alitoka shambani amechoka, kikapu cha karanga mkononi. Mafunzo alikuwa ameyasahau kabisa siku hiyo. Alikuwa akiwaza jinsi watakavyokaanga zile karanga, na kwamba chumvi ipo. Changarawe zikalia chini ya miguu yake mizito.

Sudi alikuwa akiota jua mlangoni. Puru! Juu ya jiwe, juu ya mwamba, juu ya tawi, akapita hata lile tawi la chini alilopewa zamani, akaenda mpaka kileleni walikokuwa kindi wenzake. Safari hii wakasogea, wakampisha.

"Sudi," Bi Siwatu akaita. "Ni mimi, mwanangu. Nimeleta karanga."

Majani yakafunuka, kichwa kikachungulia. Sudi alimwona, naye Bi Siwatu akajua kwamba ameonwa. Mkono mdogo ukaanza kuinuka kwenda kifuani. Bi Siwatu aliitamani salamu ile kuliko kitu chochote, na aliiogopa vilevile.

Mkono ukaishia njiani. Ukashika tawi. Sudi akazidi kupaa, na majani yakajifunga nyuma yake.

Bi Siwatu akasimama pale muda mrefu, machozi yakimtoka, akasema peke yake, "Ahsante, mwanangu. Ndivyo." Akazimwaga karanga chini ya mkuyu. Alipokuwa amekwisha kugeuka akakumbuka kwamba kindi anayeshuka kwa karanga za huyu atashuka kwa karanga za yeyote. Akarudi, akapiga magoti, akaziokota zote.

Akafika nyumbani. Hakupiga hodi, maana ndani hapakuwa na mtu.

Mimi nimemwacha hapo mlangoni kwake, nanyi nawaachia neno moja la kwenda nalo: umpendaye, mfunze kuishi mahali ambapo wewe hutakuwepo.