Daraja Huanzia Mtungini

Daraja huanzia mtungini. Methali hii mmeisikia leo kwa fundi anayejenga madarasa yenu mkacheka, kwa kuwa daraja na mtungi ni wapi na wapi. Basi kaeni niwaeleze ilikoanzia. Ni huku huku milimani Upare.

Mto ulitenganisha vijiji viwili, na mganga alikuwa ng'ambo. Masika yakiingia, mgonjwa alingoja maji yapungue au alizikwa. Mwaka mmoja watu walijaribu kuvusha gogo. Kila kijiji kilimsikiliza mkubwa wake, gogo likateleza, likamvunja mguu kijana aitwaye Kiondo, kisha likaenda na maji. Mwaka uliofuata wazee walitoa mvule mmoja, wa mwisho, wakamkabidhi kazi Mbonea, kaka yake Kiondo. Mbonea aliliogopa gogo lile kuliko alivyouogopa mto.

Siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja, walifika wanaume wanane, wanne kutoka kila kijiji. Mbonea hakuwaonyesha gogo. Alifunga machela, akaweka juu yake mtungi uliojaa pomoni, akawaambia waushushe hadi mtoni na kuurudisha bila kumwaga.

Sekiango, ambaye kwa nguvu hakuwa na mpinzani, aliguna. "Mbonea, maji tumewaachia wake zetu. Masika hayo yanakuja."

"Yanakuja, ndugu yangu. Beba."

Walibeba, maji yakamwagika. Siku ya pili yakamwagika, ya tatu vilevile, na wanawake wakawa wanatoka kwenda kutazama kama vile kuna ngoma. Mawingu yalishatanda mlimani. Mbonea alianza kuona huenda anawapotezea watu siku zao bure. Lakini jambo moja alikuwa ameliona, akanyamaza nalo, maana mwenye nguvu ukimwambia kosa lake mbele za watu atalitetea hadi kiama.

Siku ya nne Mshana, aliyebeba mkabala na Sekiango, alivua shati akalikamua.

"Wewe nawe, kila siku unaoga," Sekiango alimtania.

"Naoga, ndiyo. Anayenimwagia nani?"

Sekiango alijitazama. Shati lake lilikuwa kavu, na lilikuwa kavu tangu siku ya kwanza. Kicheko kikamwishia mdomoni.

"Kumbe ni mimi," alisema polepole. "Nainua kabla yenu, upande wangu unapanda."

"Unainua kabla yetu," Mbonea alisema. "Na lingekuwa gogo, Mshana asingekuwa anakamua shati."

Wote walimgeukia Kiondo, aliyeketi pembeni na fimbo yake.

Sekiango mwenyewe aliomba ahamishwe nyuma, mahali ambapo angewaona wenzake wakiinua. Kesho yake mtungi ulikwenda mtoni ukarudi umejaa, na keshokutwa wakabeba gogo. Katikati ya mteremko Mshana aliteleza akapiga goti. Wale saba walisimama palepale bila kuambiwa, wakamngoja ajiweke sawa, wakaendelea. Mchana gogo lilikuwa limelala juu ya mto, limechongwa bapa, na Kiondo alikuwa wa kwanza kuvuka, taratibu, kwa fimbo yake. Mbonea alilia bila kujificha. Masika yale hakuna aliyezikwa kwa sababu ya maji.

Sifa ya Sekiango ilifika mbali, kama ilivyo kawaida ya sifa za wenye nguvu. Nywele zilipokwisha kuwa nyeupe, walimjia wageni kutoka bonde la pili.

"Mzee, tunajenga daraja, na tumesikia kwamba wewe peke yako ni watu watatu. Njoo utusaidie."

"Watu wenu wamekwisha kubeba maji?" Sekiango aliwauliza.

Walitazamana. "Maji ya nini, mzee? Tuna gogo, tuna mafundi, tuna wanaume kumi na wawili."

Sekiango aliingia ndani, akatoka na mtungi mtupu, akamkabidhi mkubwa wao.

"Rudini nao," alisema. "Mkiweza kuuleta hapa mmeubeba wote kumi na wawili, umejaa, nitakuja hata kwa kutambaa. Lakini siku hiyo hamtanihitaji tena. Daraja huanzia mtungini."